Mgeni wa Utumboni: Waliyotufunza Panya wa Maabara

Ndani ya chumba kidogo cha plastiki kilichofungwa pande zote, ambamo hewa haiingii ila kwa kupita katika vichujio, chakula hakiingii ila baada ya kutokoswa kwa mvuke wa moto mkali, na mkono wa mtunzaji haufiki ila ukiwa ndani ya glavu ndefu za mpira zilizoshikizwa ukutani, huishi panya ambaye tangu kuzaliwa kwake hajapata kuonana na bakteria hata mmoja. Hana wa kumdhuru, wala hana wa kumfaa. Mtu aliyelelewa katika mafundisho ya usafi, akaamini kwamba kila kijidudu ni adui wa siha, angemhesabu panya huyo kuwa mwenye bahati kuliko panya wote wa dunia. Lakini mtaalamu ampasuapo hukuta mfuko ulio mwanzoni mwa utumbo wake mpana umefura kupita kiasi, seli za kinga zilizomo katika kuta za matumbo yake ni chache na changa, na damu yake haigandi ipasavyo kama hakutiliwa vitamini K katika chakula, kwa sababu bakteria ambao wangalimtengenezea vitamini hiyo hawapo.

Louis Pasteur mwenyewe, mwaka 1885, alidhani kwamba mnyama hawezi kuishi kabisa pasipo vijidudu. Miaka 10 baadaye, huko Berlin, George Nuttall na Hans Thierfelder walimtoa mnyama mdogo wa maabara tumboni mwa mama yake kwa kisu, wakamlea siku kadhaa bila ya kijidudu, na wakabainisha kwamba maisha ya namna hiyo, ingawa ni ya upungufu, yanawezekana. Hawakujua kwamba walikuwa wakitengeneza mizani ambayo, karibu karne nzima baadaye, ingepima kadhia nzito ya utabibu: yawaje bakteria walewale wanaotulisha na kutukuza wageuke kuwa chanzo cha moto ndani ya matumbo yetu? Jawabu, kwa sehemu kubwa, limetoka kwa panya. Nalo linastahili kusikilizwa na kila mwenye tumbo, yaani kila mtu.

Moto usiozimika

Uvimbe unaozungumzwa hapa si ule wa jipu uonekanao kwa macho. Ni hali ya mwili kupeleka askari wake wa kinga mahali unapodhani pameingiliwa na adui: damu hujaa hapo, nyama hupata joto, hufura na kuuma, na askari hao humwaga sumu zilizokusudiwa kuua vijidudu lakini zisizojua kumbagua adui na mwenyeji. Kidole kikijeruhiwa, vita hivyo huisha kwa siku chache na ngozi ikapona. Ndani ya matumbo ya watu wengine, walakini, vita haviishi. Mgonjwa huharisha damu, hukonda, hushikwa na msokoto wa tumbo usiku na mchana, hupata nafuu kwa muda, kisha maradhi humrudia, na hali hiyo huweza kufuatana naye umri wake wote.

Maradhi hayo yana sura mbili zijulikanazo sana. Moja ni ule ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana. Ya pili ni ugonjwa wa Crohn, uliopewa jina la Burrill Crohn, ambaye mwaka 1932 aliueleza pamoja na wenzake Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer wa hospitali ya Mount Sinai mjini New York. Kwa miongo mingi matabibu walimtafuta kijidudu mmoja wa kutwikwa lawama, kama Robert Koch alivyomfichua bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882, na kila walipodhani wamemshika mkosaji, ushahidi ulipotea mikononi mwao. Wengine wakasema kosa ni la mwili wenyewe, kwamba kinga imeasi na kumshambulia bwana wake. Wengine wakasema ni urithi wa aila, na wengine chakula. Kila mmoja alishika kipande cha kweli, wala hapakuwa na njia ya kuviunganisha vipande hivyo mpaka panya walipoingizwa barazani kutoa ushahidi.

Panya wa Cologne

Mwaka 1993, katika chuo kikuu cha Cologne nchini Ujerumani, Ralf Kühn, Werner Müller, Klaus Rajewsky na wenzao walitangaza habari za panya waliozaliwa bila ya jeni moja tu. Jeni hiyo ndiyo iuamrishayo mwili kutengeneza kitu kiitwacho intalukini-10, ambacho kazi yake hufanana na ya mzee wa mtaa mwenye staha: hupita kati ya askari wa kinga waliohamaki, akawaambia kwamba yatosha, na watu wakarudi majumbani mwao. Watafiti walitaka kujua mwili utakuwaje ukimkosa mzee huyo. Walichokiona ni panya waliodumaa, waliopungukiwa damu, na ambao matumbo yao yalishikwa na uvimbe sugu uliofanana kwa mengi na maradhi ya binadamu. Mwaka uo huo maabara nyingine ziliondoa jeni nyingine za kinga, zikapata jambo la namna hiyo hiyo.

Ajabu haikuwa kwamba panya hao waliugua, bali mahali walipougua. Intalukini-10 hufanya kazi mwili mzima, katika mapafu, katika ngozi, katika ini. Mbona basi moto uliwaka utumboni kuliko kwingine kote? Tena watafiti wa Cologne waliona kwamba panya wa ukoo uo huo, walipotunzwa katika vyumba safi zaidi visivyokuwa na vijidudu vya maradhi yajulikanayo, waliugua kidogo tu, na ugonjwa ukabaki katika sehemu ndogo ya utumbo mpana. Palikuwa na harufu ya moshi, na moshi ulielekeza kwa bakteria.

Burhani ilipatikana mwaka 1998 huko North Carolina, Marekani, pale Rance Sellon, Balfour Sartor na wenzao walipowalea panya wa namna hiyo katika vyumba vile vya plastiki nilivyovieleza mwanzoni. Panya hao, ijapokuwa walizaliwa na kasoro ileile ya jeni, matumbo yao yalikuwa salama. Hapakuwa na kidonda wala damu, na kinga yao haikuonyesha dalili ya kuhamaki. Kisha wakapewa bakteria wa kawaida, wale wale ambao panya wazima huishi nao bila ya kuwahisi, na haukupita muda mrefu uvimbe ukawavamia.

Hapo ndipo hukumu ya kwanza ilipotolewa, na msomaji aishike vema, maana yote yafuatayo yanaitegemea. Panya mwenye kasoro ya jeni lakini asiye na bakteria haugui. Panya mwenye bakteria lakini mwenye jeni timamu haugui. Huugua yule mwenye vyote viwili. Maradhi haya ni kama sanduku la mahari la zamani lenye kufuli mbili: ufunguo mmoja, uwe wa urithi au wa kijidudu, haulifungui.

Wala si kila bakteria huwasha moto huo. Mwaka 2005 kundi la Sartor lilieleza jinsi lilivyowatia panya hao bakteria mmoja mmoja, kama kadhi anayewahoji washukiwa kila mmoja peke yake. Escherichia coli aliwasha uvimbe katika mfuko ulio mwanzoni mwa utumbo mpana, kwa muda wa majuma 3. Enterococcus faecalis aliuwasha katika sehemu ya mwisho ya utumbo huo, tena baada ya majuma 10 hadi 12. Wa tatu, Pseudomonas fluorescens, hakufanya lolote. Fauka ya hayo, yuko bakteria aitwaye Bacteroides vulgatus ambaye huwaunguza panya wa jamii nyingine, wakubwa zaidi, waliopandikizwa jeni fulani ya binadamu, ilhali kwa hawa wasio na intalukini-10 akitiwa peke yake huwa mpole. Wema na ubaya wa bakteria, basi, haumo ndani yake peke yake. Umo katika mkutano wake na mwenyeji aliyemkaribisha.

Mtoto wa kulea

Hata hivyo likabaki swali ambalo lilihitaji akili ya kulipindua jambo. Ikiwa kasoro ya mwili huwafanya bakteria wa kawaida waonekane kama maadui, je, yawezekana kasoro hiyo ikawabadilisha bakteria wenyewe, wakawa maadui wa kweli hata kwa mwili usio na kasoro?

Wendy Garrett, Laurie Glimcher na wenzao, katika chuo kikuu cha Harvard, walilijibu mwaka 2007 kwa njia ambayo kila mzazi ataielewa. Walikuwa na panya waliokosa sehemu mbili za kinga, nao walipata vidonda vya utumbo mpana pasipo kuchokozwa na kitu. Walipopewa dawa za kuua bakteria, walipona. Ndipo watafiti wakawachukua watoto wa panya wazima, wenye jeni timamu na kinga kamili, wakawapa mama wagonjwa wawanyonyeshe na kuwalea. Watoto hao, ambao katika damu yao hamkuwa na kosa lolote, waliugua maradhi ya mama wa kulea. Hata panya wazima waliokwisha kukua, walipokaa kizimba kimoja na wagonjwa, waliambukizwa uvimbe huo.

Mambo mawili yalidhihirika hapo. La kwanza ni kwamba mwili ulioharibika huweza kuuharibu umma wa bakteria unaoishi ndani yake, kama serikali dhalimu inavyoharibu tabia za raia, na umma huo ukisha kuharibika hubeba uharibifu wake hata katika nchi nyingine yenye amani. La pili ni kwamba uharibifu huo si wa bakteria mmoja. Mwaka 2010 kundi hilo liliwatambua bakteria wawili, Klebsiella pneumoniae na Proteus mirabilis, waliofuatana na ugonjwa huo. Lakini hao wawili hawakuweza kuleta uvimbe mkali kabisa mpaka wapate msaada wa jamii nzima ya bakteria ambayo mtoto aliirithi kwa mama yake. Mchochezi yuko, ila uchochezi wake huhitaji mji wa kumsikiliza.

Nataka kutahadharisha hapa, ili msomaji asije akamkimbia jirani yake mgonjwa. Panya hulana kinyesi, na kwa hiyo hubadilishana bakteria wa utumboni kila siku kwa wingi ambao sisi hatuna. Maradhi ya Crohn na ya vidonda vya utumbo mpana hayajulikani kuambukizwa kwa kushikana mikono, kula sinia moja, wala kulala nyumba moja. Mwenye maradhi hayo anahitaji tabibu na ihsani ya jamaa zake, hahitaji kutengwa.

Ufa katika ukuta

Kati ya bakteria na nyama ya utumbo upo ukuta, nao ni wa ajabu kwa jinsi ulivyo dhaifu wa kuonekana na wenye nguvu ya kazi. Umetengenezwa kwa ute. Malin Johansson, Gunnar Hansson na wenzao wa Gothenburg, nchini Sweden, walionyesha mwaka 2008 kwamba ute wa utumbo mpana wa panya una matabaka mawili. Tabaka la nje ni legevu, na ndimo bakteria wanamoishi na kujilisha. Tabaka la ndani, lililogandamana na nyama, lina unene wa takriban sehemu moja ya 20 ya milimita, nalo huwa halina bakteria. Wembamba wa uzi umetenganisha umma wa mamilioni kwa mamilioni na mwili ambao, ukiguswa nao, huingia vitani.

Walipotazama panya waliozaliwa bila ya jeni itengenezayo ute huo, watafiti waliwakuta bakteria wamegusana na nyama na kupenya ndani ya vishimo vyake, na panya hao huugua uvimbe wa utumbo mpana. Hawa hawakukosa mzee wa kutuliza askari; walichokosa ni ukuta. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ndani ya tumbo usemi huo ni maelezo halisi ya tabibu, kwa kuwa mwili wenye siha huuziba ufa huo kila saa, usiku na mchana, kwa kutoa ute mpya badala ya ule uliochakaa.

Binadamu naye ana ushahidi wake. Mwaka 2001 iligunduliwa jeni ya kwanza ijulikanayo kuongeza hatari ya ugonjwa wa Crohn, iitwayo NOD2. Na kazi ya jeni hiyo, ilipochunguzwa, ilikuwa kuusaidia mwili kutambua vipande vya ganda la bakteria. Panya na mtu walikutana katika neno moja: maradhi haya hukaa mpakani, pale mwenyeji na mgeni wanapotazamana.

Vita vya panzi

Liko jambo jingine ambalo huufanya moto huu kuwa mgumu kuzimwa. Ndani ya utumbo mpana hamna oksijeni ya kutosha, na bakteria wengi wema waishio humo ni wale wasioihitaji, ambao kazi yao ni kuchachusha mabaki ya chakula. Jamii ya akina Escherichia coli huwa wachache, kama wageni waliokaa barazani. Lakini uvimbe ukianza, askari wa kinga humwaga kemikali zao kali, na kemikali hizo hugeuka kuwa vitu ambavyo hao wachache wanaweza kuvitumia badala ya hewa ya kuvuta. Andreas Bäumler, Sebastian Winter na wenzao huko Davis, California, walilibainisha hilo kwa panya: mwaka 2010 kwa bakteria wa Salmonella, na mwaka 2013 kwa Escherichia coli. Wema hufa au hupungua kwa moto; wachokozi hustawi kwa moto huohuo.

Vita vya panzi furaha ya kunguru. Mwili hupigana ukidhani unajikinga, kumbe kila pigo linamnenepesha yule unayemwogopa; naye akinenepa, mwili huona sababu ya kupiga tena. Hivyo ndivyo uvimbe wa siku chache ugeukavyo kuwa uvimbe wa miaka, na ndiyo sababu kuuliza ni nani aliyeanza, mwili au bakteria, mara nyingi ni sawa na kuuliza mwanzo wa duara.

Mlinzi na mchokozi

Baada ya kusikia yote hayo, mtu mwenye haraka atasema: tuwaue wote. Ruslan Medzhitov na Seth Rakoff-Nahoum, katika chuo kikuu cha Yale, walilipima shauri hilo mwaka 2004, ingawa kwa nia ya kuelewa na si ya kuangamiza. Waliwapa panya dawa mpaka bakteria wa utumboni wakatoweka, kisha wakaujeruhi utumbo kwa kemikali iliyotiwa katika maji ya kunywa. Panya waliobaki na bakteria wao waliumia, lakini wengi waliponya majeraha yao. Panya waliopokonywa bakteria walizidiwa na kufa kwa wingi. Utumbo, ilionekana, huzisikia daima sauti za wakazi wake, na kwa sauti hizo hujua wakati wa kujifuma upya. Ukinyamaziwa, husahau kazi ya kujiponya.

Sarkis Mazmanian, Dennis Kasper na wenzao walionyesha mwaka 2008 kwamba bakteria aitwaye Bacteroides fragilis hutoa sukari maalumu ambayo huwakinga panya na uvimbe uletwao na bakteria mwingine, Helicobacter hepaticus, na kinga hiyo hupitia kwa yule mzee wa mtaa tuliyekwisha kumjua, intalukini-10. Kenya Honda na wenzake huko Japani walichagua, mwaka 2013, aina 17 za bakteria kutoka katika kinyesi cha binadamu, wakawapa panya, na seli za kutuliza kinga zikaongezeka na uvimbe ukapungua. Mwenye kuyatafakari hayo ataona kwamba mgeni aliyelaumiwa kwa kuwasha moto ndiye pia mwenye mtungi wa maji. Kwetu tumezoea kusema mgeni njoo mwenyeji apone, na katika tumbo maneno hayo ni ya kweli bila ya sitiari.

Tena yuko bakteria mmoja ambaye ni mlinzi na mchokozi kwa wakati mmoja. Dan Littman na wenzake wa New York waligundua kwamba panya wa ukoo mmoja, walionunuliwa kwa wafugaji wawili wa Marekani, Taconic na Jackson, walikuwa na kinga tofauti utumboni. Chakula hakikuwa sababu, wala urithi. Sababu, kama walivyoieleza mwaka 2009, ilikuwa bakteria mwembamba kama uzi, anayejishikiza katika ukuta wa utumbo mwembamba, aliyekuwamo kwa Taconic na asiyekuwamo kwa Jackson. Bakteria huyo huamsha askari wa namna fulani. Askari hao huukinga utumbo na maambukizo, lakini askari hao hao, katika panya wenye mwelekeo wa maradhi, huchochea uvimbe wa viungo. Tangu hapo hapana mtafiti mwenye insafu anayeweza kusema amejaribu dawa kwa panya bila ya kuuliza kwanza panya hao wametoka kwa nani na wamebeba nini matumboni.

Kutoka Mulago hadi Eyasi

Sasa nifike mahali ambapo kadhia hii ya maabara za ng'ambo inagusa sufuria zetu. Mwaka 2016 Mahesh Desai, Eric Martens na wenzao, waliofanya kazi Michigan na Luxembourg, waliwatia panya wasio na vijidudu aina 14 za bakteria wa binadamu, kisha wakawagawa kwa chakula. Waliopewa nafaka na mboga zenye nyuzinyuzi walibaki na ukuta wa ute ulio mnene. Walionyimwa nyuzinyuzi, bakteria wao walikosa cha kula, wakaanza kuula ute wenyewe. Ukuta ukawa mwembamba, na walipoambukizwa bakteria wa kuharisha wa panya, walishikwa na uvimbe wa kuua. Bakteria walikuwa walewale 14, na panya walikuwa wa namna moja. Kilichotofautiana ni sahani. Mgeni aliyenyimwa chakula alianza kutafuna ukuta wa nyumba.

Mwaka uo huo Justin Sonnenburg, Erica Sonnenburg na wenzao wa Stanford walionyesha jambo la kutia huzuni zaidi. Panya wenye bakteria wa binadamu, walipolishwa vyakula vya nyuzinyuzi kidogo kizazi baada ya kizazi, walipoteza aina nyingi za bakteria. Na wajukuu waliporudishiwa chakula kizuri, aina zilizopotea hazikurudi, maana hapakuwa na wa kuzirithisha tena.

Afrika Mashariki ilikuwa imelisema neno hili kabla ya panya. Denis Burkitt, tabibu wa kupasua wa hospitali ya Mulago mjini Kampala, pamoja na Hugh Trowell aliyehudumu Kenya na Uganda, waliona kwamba maradhi mengi ya utumbo mpana yaliyojaza wodi za Uingereza yalikuwa nadra sana miongoni mwa wanavijiji wa Kiafrika. Mwaka 1972 Burkitt na wenzake waliandika kwamba choo cha watu hao kilikuwa kizito zaidi na kilisafiri kwa haraka zaidi tumboni, na sababu waliyoitaja ni chakula chenye nyuzinyuzi nyingi. Waliokuwa na kiburi cha elimu waliona ni jambo la aibu tabibu mkubwa kupima vinyesi. Leo maabara zenye vyombo vya thamani kubwa hufanya kazi hiyohiyo.

Kando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, wanaishi Wahadzabe, ambao baadhi yao bado hula mizizi, ubuyu, matunda ya porini, asali na nyama ya kuwinda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliokusanya sampuli 350 za vinyesi vyao katika misimu tofauti, uliona kwamba aina fulani za bakteria wao hufifia msimu mmoja na kurudi msimu mwingine, kama vile mto unavyokauka kiangazi na kujaa masika. Na aina zinazofifia hivyo ni zile ambazo katika watu wa nchi zenye viwanda zimekwisha kutoweka, au zimebaki kwa uchache. Hazina waliyonayo hawa jamaa zetu hainunuliwi dukani, na ikipotea haijulikani duka la kuitafuta.

Neno kwa msomaji

Panya si mtu. Utumbo wake una umbo lake, chakula chake ni kingine, na jeni zilizoondolewa kwa makusudi maabarani si sawa na kasoro ndogondogo nyingi anazorithi binadamu. Yeyote atakayekuuzia dawa ya unga au chupa ya bakteria kwa madai kwamba panya walipona, basi nawe utapona, mwombe ushahidi wa watu kwanza. Na aharishaye damu kwa zaidi ya siku chache asijitibu kwa kubahatisha. Aende kwa tabibu, kwa kuwa kuharisha damu kuna sababu nyingi, na nyingine, kama vile amiba na kuhara damu kwa kuambukizwa, ndizo zilizo karibu nasi zaidi.

Lakini yako mambo ambayo panya wametufunza na ambayo hayahitaji kungojea. Dawa za kuua bakteria zimeokoa roho zisizohesabika, na anayezihitaji azitumie kama alivyoandikiwa, akamilishe kipimo. Bali kuzinunua dukani kwa kila mafua na kila kikohozi cha mtoto ni kuingia na panga katika shamba la mtu ili kukata jani moja la magugu. Hali kadhalika, ugali wa dona, kunde, maharagwe, mchicha, kisamvu, mihogo, viazi vitamu na matunda ya msimu si chakula cha umaskini ambacho mtu aliyefanikiwa yampasa kukikimbia. Ni karamu ya wageni wetu, na wageni walioshiba hulinda nyumba.

Mwili wa mtu mzima hukadiriwa kubeba bakteria trilioni 38, idadi inayokaribiana na ya seli zake mwenyewe. Hatukuwaalika, wala hatuwezi kuwafukuza tukabaki salama. Panya wa Cologne, wa North Carolina na wa Harvard waliugua ili tupate kujua kwamba uvimbe wa matumbo huanza pale mapatano kati yetu na wakazi hao yavunjikapo, na kwamba sehemu ya mapatano hayo, ingawa si yote, imo mikononi mwetu kila tuketipo kula. Basi tuitunze.